Maana Kumi na Tisa za 'Get'

Jumatatu, 3 Machi

Kuanzia leo Kiingereza ni mtoto wangu wa kutumwa dukani! Wenye lugha yao wakikwama waje, nitawasahihisha bure. Mimi niliacha shule kabla shule haijaniacha, na bado mtaa mzima unaniita Profesa. Wanacheka, najua. Wacheke tu.

Mwalimu anayepanga chumba chetu cha nyuma kaniazima kamusi isiyo na jalada. Kasema kuna kitenzi kimoja, 'get', ukikimaliza umemaliza nusu ya Kiingereza. Kitenzi chenyewe kidogo kama kunguni! Nikafungua — safu mbili nzima. Nimehesabu maana kumi na tisa. Nikamwambia wiki mbili tu. Akasema debe tupu haliachi kuvuma. Tutaonana.

Asubuhi kabla ya kwenda dobi kupiga pasi nilimtungia Bibi nyuzi kwenye sindano zake za kushonea. Nyeusi kushoto mwa kimto, nyeupe kulia, za rangi katikati, ili azichukue kwa kupapasa. Mwaka jana nilikuwa natunga tano, nyingine anatunga mwenyewe. Leo ishirini. Ni presha ya macho. Hospitali walishampima, wakasema wataandika barua ya siku ya upasuaji, na asichelewe, maana jicho likishazimika haliwaki tena. Tunaingoja barua. Fundi wa nguo bila macho ni nani? Na mimi bila Bibi ni nani — sina mwingine.

Jumatano, 5 Machi

Barua imekuja! Bahasha ya kaki, muhuri wa hospitali ya macho, Kiingereza kitupu. Bibi akaacha cherehani. Eti tumpelekee Mwalimu? Mwalimu! Nikamwambia: "Mke wangu, una Profesa ndani, unatafuta mpangaji?" Alicheka hadi akakaa. "Haya mume wangu, soma."

Nikasimama. Nikakohoa kama mheshimiwa anayefungua daraja. Nikamwambia faili lake limepokelewa, foleni ni ndefu, atulie, wataita. Akaikunja barua mwenyewe, akaitia kwenye kopo la vifungo. Kasema kichwa changu ni cha babu yangu, basi tu masikio ndiyo ya punda.

Mambo safi. Leo: 'get' ya kupokea, 'receive'. Ya kuleta, 'fetch'. Ya kufika, 'arrive'. Zimebaki kumi na sita.

Ijumaa, 7 Machi

Sindano ishirini na sita. Sikupenda.

Mwalimu kauliza barua ilisemaje. Nikasema tusubiri. Akasema: "Ajabu. Hospitali ipoteze stempu kumwambia mgonjwa asubiri?" Nikamkata — niulize 'get'! Nikamwaga saba bila kupumua. 'Obtain', 'understand', 'catch', zote. Akapiga makofi matatu. Sikuyafurahia.

Dobi nimeunguza kola ya shati la mteja. Bosi kaniita majina ambayo hata kamusi haina.

Jumapili, 9 Machi

Bibi alikuwa nje anaanika. Nilitaka kufungua lile kopo, kuangalia tu. Nikashika kifuniko — vifungo vikalia ndani. Nikaliacha.

Nahangaika nini? Barua ilishasomwa. Imeisha hiyo.

Jumanne, 11 Machi

Siku mbaya. Bibi kakunja pindo la sketi nyeusi kwa uzi mwekundu, mzunguko mzima. Mteja kafoka, kaitupa mezani. Bibi akacheka: "Huyu mume wangu ndiye kanipangia vibaya sindano." Nikasema ndiyo, Bibi, ni mimi.

Nilizipanga sawasawa. Nyekundu haikuwa hata karibu.

Na mkasi ulikuwa kulia kwake, pale pale. Kageuza kichwa kizima kama kuku ndipo akauona.

Nilikuwa nasoma 'get' ya kugeuka kuwa, 'become'. Mwalimu kaongezea mfano: 'get worse', kuzidi kuwa vibaya. Nikafunga kamusi.

Alhamisi, 13 Machi

Simu ya Bibi imelia akiwa kwenye cherehani. Nikaipokea mimi. Muuguzi. Mbona mama hakuja juzi? Alipangiwa juzi! Daktari bingwa ni wa kuja na kuondoka, kashaondoka, harudi hadi Juni. Barua hamkupata?

Nikasema tumepata. Nikasema — sijui nilisema nini. Sauti ilikuwa inatoka kwa mtu mwingine. Akasema mleteni Jumatatu aangaliwe.

Bibi: "Nani huyo?" Hospitali, wanakuita Jumatatu. Akapiga kigelegele! "Si ulisema wataita? Profesa wangu huyo!"

Nilikwenda bafuni nikafungua bomba ili asinisikie.

Ijumaa, 14 Machi

Sindano arobaini. Siandiki.

Jumatatu, 17 Machi

Naandika kwenye korido ya hospitali, nyuma ya karatasi ya orodha ya nguo za dobi, nitainakili baadaye. Nimewaambia nakwenda msalani.

Daktari kampima nusu saa. Jicho la kulia limekwisha. Kasema hivyo, polepole, kwa adabu. La kushoto anaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la kitasa, na hilo haliwezi kungoja Juni. Ataandika aombewe nafasi hospitali nyingine. Lakini lazima aeleze kwa nini siku ya kwanza mgonjwa hakufika. Kwa nini hakufika, mama?

Bibi hakulia. Alikasirika! "Nyie wenyewe mliandika nisubiri! Msinisingizie. Mjukuu wangu kasoma hapo hapo mbele yangu, huyu ana kichwa." Akapapasa mkoba, akatoa ile barua, akanyoosha mkono mahali ambapo sikuwepo. Nikasogea ili niwepo. "Wasomee, mume wangu. Wasomee kwa Kiingereza chao, waone haya."

Ndipo nikasema msalani.

Ninayo hapa. Nimeifungua sasa. Mistari sita. Hata 'get' haimo. Na katikati, peke yake, kwa wino mzito: 11. Na saa: 8.00. Tarakimu! Mtoto wa darasa la kwanza angeisoma akiwa ananyonya kidole. Haikuhitaji kamusi wala Mwalimu.

Wanasema mdomo huponza kichwa. Wangu umeponza jicho la mtu mwingine.

Mlango umefunguliwa. Namsikia: "Mume wangu! Umetumbukia chooni? Njoo, daktari anangoja!" Muuguzi anacheka naye. Anacheka, Bibi.

Haya, niandike basi, walau mahali pamoja. Siku ile sikushindwa kusoma. Nilitazama muhuri, nikatazama uso wake jinsi ulivyokuwa unaniangalia, nikafungua mdomo. Barua sikuisoma. Hata mstari mmoja.