Kadi za Ukoo wa Kaniki

Jumanne, 4 Machi

Siku ya mizani. Chinchila wangu wote kumi na wanne, vijinyama vya manyoya kama sungura wadogo, mmoja mmoja, ndani ya bakuli la plastiki. Jemadari kapungua gramu arobaini na tano. Nikampima tena. Arobaini na tano ile ile.

Kidevu kimelowa. Manyoya yameshikana. Nikamfuta — dakika tano tu, kimelowa tena.

Meno ya mbele mazuri, rangi ya chungwa kama inavyotakiwa. Hayo ndiyo ninayowaonyesha watu wakija: tazameni meno! Kama vile chinchila hana mengine huko nyuma.

Nyasi kavu hali. Anachukua ujani, anautafuna kidogo, anauacha. Zabibu kavu pia kaikataa. Jemadari huyu! Yule wa kukung'oa kidole kwa zabibu moja!

Mkewe Kizaazaa alikuwa anamtazama kutoka ubao wa juu. Wako kizimba kimoja mwaka wa tano huu. Mwaka wa kwanza alimtoa kipande cha sikio. Majike wa chinchila hawana adabu ya ndoa, ni wakubwa kuliko waume zao na wanalijua hilo. Leo kashuka, kamkalia ubavuni, katulia. Sikupenda.

Labda jino limevunjika. Kesho nampeleka kwa daktari.

Jumatano, 5 Machi

Halijavunjika jino.

Daktari wa wanyama, yule mama mpya mwenye miwani, alipiga eksirei akaniwekea picha kwenye taa. Mizizi ya magego imeota kwenda ndani. Ya chini imetoboa taya. Ya juu imefika chini ya jicho. Ameumia muda mrefu, akasema. Hawa wanajificha, wanakula huku wanaumia, mpaka siku wanashindwa.

Akauliza kama yuko mwingine katika ukoo wake aliyekuwa hivi. Nikasema simkumbuki.

Simkumbuki! Mimi, ninayewakumbuka mpaka waliokufa siku ya kuzaliwa!

Akasema kama yuko, ukoo wote usizalishwe tena. Nikaitikia kwa kichwa kama mwanafunzi mwema. Jemadari akapigwa sindano ya mwisho saa nne na nusu. Nilimshika mimi mwenyewe. Hakuhangaika hata kidogo.

Haya. Niandike, kwani nani anasoma humu? Baba yake, Kaniki, alikufa kwa hayo hayo. Daktari wa zamani, aliyehama, alinionyesha picha kama hii, akaniambia maneno kama haya: simamisha ukoo huu. Nikarudi nyumbani, nikachukua kadi ya Kaniki, mahali pa sababu ya kifo nikaandika: Uzee. Kaniki alikuwa na miaka sita. Hawa wanafika kumi na tano, wengine wanapita.

Hakuna aliyeuliza. Kila mtu alitaka mtoto mweusi wa Kaniki. Na mimi nilitaka kuwa yule mwanamke mwenye watoto weusi wa Kaniki. Basi. Sina utetezi mwingine.

Mficha maradhi kilio humfichua. Methali hiyo nimewasomea watu mara ngapi, kwa domo langu hili!

Ijumaa, 7 Machi

Nimetoka kwa Chiriku. Marehemu dada yangu aliniachia mtoto wa miaka tisa asiyefunga mdomo, ndiyo maana nikamwita Chiriku. Sasa ana ishirini na tatu, anauza duka la dawa, na bado hafungi mdomo.

Ana jozi yake moja. Jike Dafina, dume Wingu. Wote wajukuu wa Kaniki, kila mmoja kwa wazazi wake. Kabla ya kuwaunganisha alikuja na kadi zao mkononi. Mamdogo, babu yao mmoja, ni salama kweli? Na mimi, nikiwa nakunja nguo, sikunyanyua hata macho: damu safi, kadi si unaziona, waunganishe utapata weusi tii.

Kadi si unaziona!

Dafina anazaa ndani ya wiki moja. Mtoto atampata Kaniki kwa mama, atampata na kwa baba.

Kizimba chao kinapendeza, lazima niseme. Kila nilichomfundisha amekifanya. Wiki mbili za kwanza vizimba viwili, kati yake nafasi ya kiganja wasing'atane vidole. Kila jioni akibadilisha mabakuli ya vumbi, maana hawa huoga vumbi, si maji, huyu azoee harufu ya yule. Halafu akavisogeza, akafungua kilango cha katikati. Vijumba viwili vya kujifichia, kila kimoja na milango miwili, ili dume asibanwe kwenye kona jike akichafukwa. Sasa mimba imekuwa nzito, mbao zote kazishusha chini. Wavu wa chini kaubadilisha, matundu madogo, mtoto asitoke. Hata mimi wa kwangu sikuwafanyia yote hayo.

Nikamwambia afunge kile kilango, Wingu akae upande wake. Kwa nini? Nikasema jike apumzike, maana hawa wakishazaa tu wanashika mimba nyingine siku hiyo hiyo. Akacheka. Mamdogo, wewe hujawahi kumtoa dume hata mara moja, leo huruma imetoka wapi?

Nikaokota ujani uliodondoka nje ya kizimba.

Akauliza Jemadari kafa na nini. Tumbo, nikasema. Limetoka lenyewe. Ulimi wangu umeshazoea, hauniombi tena ruhusa.

Jumapili, 9 Machi

Nimejaribu mbele ya kioo. Chiriku mwanangu, kuna jambo. Chiriku, kaa chini. Chiriku, unakumbuka Kaniki?

Upuuzi. Kioo hakiulizi swali la pili. Chiriku ataliuliza, na la tatu, na la kumi.

Kadi ya Jemadari iko mezani. Pa sababu ya kifo pako wazi tangu Jumatano.

Jumatano, 12 Machi

Kapiga simu. Njoo, Mamdogo, uone watoto wanavyocheza tumboni, ubavu mzima unatikisika! Nikasema mguu unaniuma.

Mguu wangu mzima kabisa.

Saa kumi akapita, ametoka kazini, na dawa ya kuchua. Akanichua mguu, akiwa amepiga magoti hapo sakafuni, huku anapayuka kuhusu bosi wake. Nilitaka ardhi ipasuke. Mara mbili nilifungua mdomo. Mara ya kwanza akaniuliza, hapa ndipo panauma? Nikasema ndiyo. Mara ya pili alikuwa anafunika chupa ya dawa, anasema usiende kwenye ngazi mpaka Jumapili.

Kilango bado kiko wazi. Nilimuuliza. Wanalala pamoja, Mamdogo, nitawatenganishaje?

Ijumaa, 14 Machi

Wamezaliwa. Saa moja na nusu asubuhi. Watatu, mmoja amekufa. Alikuwa analia na kucheka kwenye simu. Nikashuka ngazi na kile kiguu changu cha uongo, mbio, jirani ananitazama.

Wawili wazima. Weusi tii! Macho wazi, manyoya kamili, wanatembea tayari kama wana miadi mahali. Nimeona mamia, na bado nilishika mdomo.

Na Wingu alikuwa juu ya Dafina. Nimefika wakati huo huo. Nikapiga kelele nikamtoa kwa mkono, manyoya yakabaki kiganjani. Nikasukuma kilango. Chiriku akashangaa: jamani, mbona unamkamata hivyo?

Nikasema. Nikiwa nimesimama, na manyoya ya Wingu mkononi. Nikasema Kaniki hakufa kwa uzee. Nikasema meno. Nikasema Jemadari pia, si tumbo. Nikasema nilijua siku ile ulipokuja na kadi.

Hakuuliza swali hata moja. Chiriku! Alichuchumaa pale kwenye kizimba, akawaangalia wale watoto.  Mwisho akasema polepole: kila mtu nimemwambia, mimi nimefundishwa na mamdogo wangu.

Akanifungulia mlango wa nje. Kwa heshima. Afadhali angenipiga.

Jumamosi, 15 Machi

Hapokei simu.

Jumatatu, 17 Machi

Kaja mchana huu, bila kupiga simu. Salamu: shikamoo. Sauti ya duka la dawa, ile ya kumuuliza mgonjwa jina. Macho yamevimba.

Kasema anataka kadi zote, za wazima na za marehemu. Atawapigia simu walionunua, wote, na hataki kumwambia mtu neno ambalo si la kweli. Nikasema nitakusaidia. Akasema hapana, kaa jikoni, nitakuwa nasoma kwa sauti, wewe unijibu kweli au si kweli. Basi. Usinieleze.

Kaingia chumba cha vizimba, kakaa chini na lile kasha. Mlango kauacha wazi kidogo. Mimi niko jikoni na daftari hili, naandika kila anachosoma.

Kaniki, uzee. Kweli? — Si kweli. Meno.

Jemadari, kadi haina kitu. — Meno.

Kalamu yake naisikia. Anakata kwa mstari mmoja, anaandika. 

Bafta, alikufa akizaa. — Kweli. Hii kweli, namshukuru Mungu.

Rubani, alivunjika mguu kwenye wavu. — Kweli.

Mama Pilika, mafua. — Si kweli. Meno.

Kalamu ikasimama. Halafu akaita: hata Mama Pilika? Nikasema hata yeye. Nikaona ajabu, kila nikisema si kweli kifua kinakuwa chepesi kidogo. Nikaanza kufikiri, mjinga mimi, kwamba tutafika mwisho wa kasha, atatoka, nitampashia chakula.

 Karatasi imeacha kugeuka. Najua ameshika kadi gani.

Sufi. Mtoto wa kwanza wa Kaniki, niliyempa Chiriku awe wake. Chiriku alikuwa na miaka kumi na minne. Siku moja nilimwachia chumba cha vizimba, akasahau kushusha pazia, jua likaingia, na hawa joto huwaua. Nikarudi, Sufi amekufa. Chiriku alinipokea mlangoni: Mamdogo, nimemuua.

Sikuwa nimemwambia neno. Nilimfungua Sufi mdomo pale pale. Nikaona jino limekua mpaka limechoma ulimi, na usaha. Mwili baridi, kafa tangu asubuhi, kabla jua halijafika dirishani. Wiki nzima alikuwa anapungua kwenye mizani, na mimi nilikuwa naona. Lakini siku mbili mbele watu walikuwa wanakuja kuwaona wadogo zake. Na mtoto alikuwa ameshanipa jibu, amesimama mbele yangu na jibu. Nikaandika: Joto.

Chiriku hakula siku tatu. Kwa miezi alikuwa anaamka usiku kuangalia mapazia. Mpaka leo hawezi kutoka kwake bila kurudi mara mbili kushika pazia, na mimi nimemtania, nimemtania kwa hilo! mbele ya watu!

Kaita.

Sufi. Joto. Sauti si ya duka la dawa sasa. Ni ile ya zamani. Kweli, Mamdogo?

Nikasema kweli.

Imetoka yenyewe. Nimesema kweli, na nimeisikia sauti yangu, laini, ya mama kabisa.

Hajageuza karatasi. Kalamu haiandiki. Kizaazaa anatafuna ubao huko. Ni dakika sasa, ni zaidi ya dakika. Inuka, wewe mwanamke. Ni hatua sita. Inuka.

Kageuza karatasi. Anasoma nyingine.