Greda Limebaki Mtoni

Nyumbani, nyuma ya kinu cha unga,
Jumapili, 17 Aprili

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwetu sote. U hali gani huko uliko? Mgongo wako umetulia, au bado unakusumbua ukiinama? Wifi yangu hajambo? Mara ya mwisho ulisema baridi imewabana mpaka mnalala na soksi. Naomba iwe imepungua, na yule mdogo awe ameacha kukohoa.

Sisi huku tu wazima wa mwili. Mama anakula na anagomba kama kawaida, na hataki kusikia habari ya kupelekwa kwa daktari wa macho. Binti yangu anaendelea na masomo. Nimeandika "wazima wa mwili" makusudi, maana mambo ya moyoni ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu. Ukipiga simu, shemeji yako hukwambia tuko salama, kisha humpa Mama simu kabla hujauliza la pili. Hatuko salama, kaka. Soma barua hii ukiwa umekaa.

Unajua kwamba kampuni ya barabara ilipofungwa, shemeji yako alimwaga unga pamoja na wenzake wote. Usichokijua ni alivyohangaika baada ya hapo. Kila alikokwenda kuomba kazi walitazama mvi zake kwanza, cheti baadaye. Mtu ambaye wewe mwenyewe mlipokuwa pamoja kwenye kambi ya barabara ulimpa jina la Sawazisha, kwa sababu barabara aliyoichonga yeye ungeweza kuipita na kikombe cha chai garini bila kumwaga tone, alikuwa anashinda barazani akichonga vijiti kwa kisu changu cha jikoni. Vijiti vya nini, hakuna aliyejua. Nilivitumia kuwashia moto.

Ndipo akasikia kuna greda kuukuu limeachwa kwenye machimbo ya kokoto yaliyofungwa. Tulikwenda pamoja kuliona. Lilikuwa limesimama ndani ya majani marefu, rangi yake ya njano imebaki kwenye pembe tu, na mlinzi alikuwa ameanika shuka zake juu ya kile kisu kirefu cha kukwangulia udongo. Kwenye kiti cha dereva palikuwa na kuku ameatamia mayai. Fundi tuliyekwenda naye, yule mnene tunayemwita Grisi, akasema afadhali tumekuta opereta yuko kazini. Mimi nilicheka. Shemeji yako hakusikia hata mzaha wenyewe. Alikuwa amepiga magoti anapapasa chuma kwa kiganja, kama mtu anayepapasa ubavu wa ng'ombe kabla ya kumnunua. Akaniambia greda hilo limeizidi umri ndoa yetu, ni la aina ile ile aliyojifunzia kazi, halina kompyuta wala mbwembwe, likiharibika unalifungua kwa spana na kulifunga kwa spana.

Walishughulika nalo, yeye na Grisi, mpaka siku moja injini ikakohoa, ikatema moshi mweusi, ikawaka. Mlinzi alikimbia kuokoa shuka zake. Shemeji yako alibaki ameshika usukani, machozi yanamtoka, akasingizia moshi.

Tulilinunua. Tuliuza kile chumba cha duka, na vyerehani vyangu vyote vikaenda. Naomba ulijue hili vizuri, usije ukamlaumu: hakunilazimisha. Nilitaka mwenyewe. Nilikuwa nimechoka kumwona mume wangu akizeeka barazani. Kwa hiyo greda lilikuwa lake na langu, nusu kwa nusu. Na kazi ilikuwepo. Mwenye shamba moja kubwa ng'ambo ya mto alitaka barabara zake zote zichongwe kabla malori ya mavuno hayajaanza kuingia. Aliahidi kutungoja mpaka siku tuliyopatana, siyo zaidi.

Tukatafuta trela la kubebea mitambo. Tulimpata mzee mmoja mkimya, mwenye kofia ya sufu asiyoivua hata jua likiwaka. Gari ni lake mwenyewe na ndilo linalomlisha na nyumba yake. Alilifunga greda kwa minyororo, akaizunguka mara mbili akiivutavuta, kisha akaifungua yote akaifunga upya kwa sababu mmoja haukumridhisha. Nikasema moyoni, huyu tumempata. Tukapanda, yeye, shemeji yako, Grisi na mimi, tumebanana kiti kimoja, chupa ya chai mapajani mwangu. Kaka, njia nzima mume wangu alikuwa akigeuka kutazama nyuma kama aliyempakia bibi harusi.

Mtoni pale hakuna daraja. Lile la zamani lilichukuliwa na mafuriko, sasa magari hupita chini, juu ya sakafu ya zege iliyolazwa kwenye maji. Siku hiyo maji hayakufika goti. Tatizo lilikuwa ukingo. Tumbo la trela liko chini sana, na likiwa na mzigo lingekwama pale njia inapoinama. Kwa hiyo wakakubaliana greda lishushwe, trela livuke tupu, halafu greda livuke kwa nguvu zake lenyewe, huku limefungwa waya wa chuma kutoka kwenye winchi ya gari, ile roda ya kuvutia mizigo, kama tahadhari.

Dereva alitazama mawingu yaliyokuwa yamejikusanya upande wa milimani. Akashauri tulale hapo, tuvuke kesho. Shemeji yako akamjibu kwamba kesho mwenye shamba atakuwa ameshaita mtambo mwingine. Hakumjibu kwa ubaya. Lakini mzee alivuta kofia yake chini, akawasha gari.

Trela likavuka, mimi nikiwa kwenye gari kando ya mzee. Grisi akavuta waya majini mpaka kwenye pua ya greda, akaufunga, akarudi kwetu. Shemeji yako akapanda kitini akaliingiza mtoni polepole, amenyooka kama enzi zake za kambini. Nilikuwa nimesimama ukingoni, na kwa mara ya kwanza tangu kampuni ifungwe niliona fahari.

Alipofika katikati, gurudumu la mbele likazama. Kumbe zege lilikuwa limemeguka chini ya maji, hakuna aliyeliona. Greda likainama, injini ikazimika. Akajaribu kuiwasha, ikakataa. Akajaribu tena. Ndipo nikasikia mvumo kutoka juu ya mto, nikadhani ni lori linakuja nyuma yetu. Grisi ndiye aliyeanza kupiga kelele. Maji yalikuja ya rangi ya udongo, yamebeba magogo na uchafu wa kila namna, na kabla sijaelewa kinachotokea yalikuwa yameshafika kwenye ngazi ya greda.

Nilimwita. Tulimwita sote. Aliendelea kuhangaika na ufunguo, ameinama, hata hatutazami. Nilivua viatu niingie majini, Grisi akanikamata kwa nguvu mpaka leo nina alama mkononi. Sijui ni nini kilichomfanya hatimaye ainue uso. Labda ni sauti yangu, labda ni maji yaliyomfikia magotini akiwa kitini. Akatoka, akaushika ule waya, akaja nao mkono kwa mkono, mwili wote umelazwa na maji upande mmoja. Wakati wote huo mzee wa trela alikuwa ameketi kwenye usukani, breki zote zimekazwa, na gari lake linavutwa kinyumenyume kwenye matope. Nilikuwa nikitazama magurudumu yale, kisha namtazama mume wangu, kisha magurudumu. Mzee angeweza kuachia waya wakati wowote akaokoa gari lake. Hakuachia.

Shemeji yako alipokanyaga nchi kavu hakunitazama. Alikimbilia mlango wa gari akisema, "Vuta! Vuta sasa!"

Mzee akakaza winchi. Greda halikusogea hata chembe. Lililosogea ni gari. Magurudumu ya nyuma ya trela yalikuwa yameshafika pale udongo unapomeguka. Mzee akachungulia dirishani, uso umemsawijika, akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mwenye mali ni nani hapa?"

"Sisi wote wawili," nikamjibu.

"Basi mmoja wenu aseme."

Shemeji yako akasema, "Vuta."

Mimi nikasema, "Achia."

Mzee alinitazama mimi, akamtazama yeye, akanirudia mimi. Nikarudia neno lile lile, safari hii sikulipaza. Akaachia. Waya ulifyatuka ukaingia majini kama nyoka, gari likaruka mbele, na greda likageuka polepole, kaka, polepole mno, likalala ubavu. Likasukumwa mpaka kwenye kona ya mto, likakwama huko. Bomba la moshi ndilo lililobaki nje ya maji.

Tangu siku hiyo mume wangu hajasema nami.

Hanitukani, wala hanigombezi. Afadhali angenigombeza. Anakula nikimwekea, analala akiukabili ukuta, asubuhi anaondoka. Mwanzoni nilidhani anakwenda kutafuta kibarua. Nikamfuata. Huenda mtoni, hukaa kwenye jiwe, hutazama lile bomba la moshi. Wapita njia nao husimama, hutazama, huonyeshana kwa kidole, huendelea na safari zao. Yeye hubaki. Mama anasema katika maisha yake hajapata kuona mtu amefiwa na mtambo, lakini anamwekea chai yake na kuifunika na sahani isipoe.

Mwenye shamba ameshaita mtambo wa watu wengine. Nimeazima cherehani kwa jirani, nashona viraka na sare za shule, siku nyingine hakuna hata kiraka. Grisi anasema kiangazi kikifika na maji yakipungua huenda injini ikatolewa ikasafishwa, maana chuma cha zamani hakifi upesi. Anasema hivyo akitazama pembeni. Kusema kweli hatuna mbele wala nyuma, na usiku nikiwa macho najiuliza kama nilimwokoa mzee wa watu nikamzika mume wangu.

Alhamisi mchana yule mzee wa trela alitutembelea. Alikuja kwa miguu, bila gari. Shemeji yako ndiyo kwanza alikuwa amerudi kutoka mtoni, matope hadi kwenye magoti, na nilipomwona mgeni akiingia uani nilisimamisha cherehani. Nilidhani mwenzangu atanyanyuka aingie ndani, aniachie aibu hiyo. Alinyanyuka kweli, lakini alikwenda kuchukua kiti. Akakifuta kwa mkono wa shati, akampa.

Wakakaa. Nikaleta chai, nikarudi kwenye cherehani pale mlangoni, nikajifanya natafuta uzi.

"Gari halikuumia?" Shemeji yako ndiye aliyeanza.

"Taa moja tu ya nyuma."

Ndani nilimsikia Mama akijigeuza kitandani mwake.

"Niliyaona magurudumu yako," shemeji yako akasema. "Sitaki ufikiri sikuyaona. Niliyaona, na bado nikasema vuta."

Mzee akavua ile kofia yake, akaikunja magotini. "Lingekuwa ni langu mle majini," akasema, "na mimi ningesema vuta."

Wakamaliza chai. Alipoondoka, mume wangu alimsindikiza mpaka njia panda, akarudi, akapita mlangoni pangu bila neno.

Sasa ombi langu. Sikuombi fedha, najua mzigo ulionao. Naomba umwandikie yeye, kwa mkono wako, siyo simu. Wewe ndiye uliyemleta nyumbani kwetu mara ya kwanza, na wewe ndiye mtu pekee ambaye sijapata kumsikia shemeji yako akimkatiza maneno. Sijui umwambie nini. Ningekuwa najua ningeshamwambia mwenyewe.

Leo asubuhi hakwenda mtoni kwa sababu ya mvua. Alinikuta nimefika katikati ya karatasi hizi, akasimama nyuma yangu. Akaniuliza, "Unamwandikia kaka yako?" Kaka, nilishindwa hata kugeuka. Ni maneno ya kwanza aliyonipa tangu mtoni. Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Mwambie nimeshindwa." Kisha akatoka, akaketi barazani.

Amenituma nikuandikie hivyo, nami sikuandikii hivyo. Nakuandikia kwamba alitoka kwenye yale maji kwa mikono yake mwenyewe, kwamba nimekwisha kumchagua mara moja mbele ya watu, siku ya harusi yetu, na ningemchagua tena, na kwamba hivi sasa ninapoimaliza barua hii yupo hapo nje, naliona bega lake.

Mpe wifi yangu mkono wangu, na kila mtoto umguse shavu kwa niaba ya shangazi yake. Mama anasema uvae sweta na uache kutuma picha ukiwa na uso uliokunjamana. Grisi naye anakusalimu, anauliza kama huko fundi mnene anapata kazi. Mungu akulinde katika kutoka kwako na kurudi kwako, awafunike wote walio chini ya paa lako, na asiache nyumba yako ikose sauti ya mtu.

Ni mimi dada yako, niliye mbali nawe kwa njia lakini si kwa mapenzi.