Jina Lako Peke Yako, Shangazi

Shangazi yangu mpendwa,

Jumamosi kaka yako alichinja mbuzi wawili ili ajipongeze, na mimi nikamharibia karamu. Nakuandikia kabla utamu wake haujaniisha.

Unakumbuka alivyokuwa akikusema? Wewe ndiye mwanamke wa kwanza pande zetu za Muleba kwenda chuoni kusomea mimea, na yeye alisimama mbele ya wageni hapa Buganguzi akasema, "Dada yangu amefaulu mpaka amepelekwa kusomea majani. Mwakani tupeleke na mbuzi." Watu walicheka. Wewe uliendelea kumenya ndizi. Nilikuwa mdogo, lakini kinyongo nilikiweka siku hiyohiyo.

Likizo zako nazikumbuka kuliko Krismasi. Tulipanda ile miamba iliyo juu ya mashamba, wewe na viatu vyako vya mpira, mimi nikibeba panga. Jioni tulilaza mimea katikati ya magazeti, tukaweka matofali juu. "Usilikunje jani," ulikuwa ukiniambia. "Atakayelifungua huko mbali hajawahi kufika Buganguzi. Mwonyeshe sawasawa." Kila asubuhi tulibadilisha magazeti yaliyolowa. Ukiridhika unafunga furushi, tunateremka nalo hadi Kemondo kulipakia melini. Nilikuwa na furaha nawe, Shangazi. Kazi yako nimeifanya kuwa yangu, na furaha ile sijaipata tena.

Kisha ukaupata ule mmea mdogo wenye maua meupe, kwenye ufa wa mwamba unaodondosha maji. Ulikaa chini kabisa. Ukasema, "Huu sijauona kwenye kitabu chochote." Ulimwonyesha hata kaka yako, ukamweleza kwamba haujawahi kupewa jina, na kwamba furushi lenye sampuli zake ndilo litakaloamua. Halafu ukaugua, ukalazwa Bukoba, na yeye akakitaka chumba chako aweke magunia ya kahawa. Uliporudi, magazeti yalikuwa yamewashiwa moto jikoni, na mimea yako yote imetandazwa migombani pamoja na nyasi za kufunika udongo, mvua imeshainyeshea. Ulipomuuliza, akasema, "Kwani si majani? Yameenda yanakokwenda majani."

Wapo wanaosema hakujua. Alijua. Nilikuwepo alipoelezwa.

Ulirudi kwenye miamba mpaka magoti yakagoma. Ufa ule ulikuwa umeporomoka. Wakubwa wako wa kazi walikuambia kwamba mmea usio na sampuli ni maneno matupu, nawe ukaacha kuwaandikia. Umekufa ukiitwa Mama Majani kwa utani, na hata msibani kaka yako alilitaja jina hilo akicheka.

Basi, nimeupata. Uko Kimwani, kwenye mwamba mwingine unaovuja maji. Nilikaa chini nikalia kwa hasira, maana mmea ulikuwa hivyohivyo kama siku ile ulipouona, na hukuwepo kuuona tena. Wataalamu wenzangu wameukagua wakakubali, na jina limechapishwa. Habari ilipofika nyumbani, kaka yako akanipigia simu. "Mwanangu, jina la ukoo wetu limeingia kwenye vitabu vya dunia. Sherehe niachie mimi." Alidhani nimeupa mmea jina la babu, lile ulilolitumia kazini, ambalo ni lake pia. Wengi wa fani yetu wangefanya hivyo. Nikamjibu, "Asante, Baba Mkubwa, wewe andaa." Sikumsahihisha hata kidogo.

Alikodi turubai. Alialika padre, mwenyekiti na walimu. Alivaa kanzu mpya na koti, akahutubia jinsi alivyokushika mkono katika elimu. Nilimwacha amalize, nikamwacha na makofi apigiwe.

Kisha nikasimama nikasoma jina la mmea. Ni Kokutona, jina lako la kuzaliwa, pamoja na mkia wa herufi mbili wa Kilatini, basi. Nikaeleza kwa nini furushi la kwanza halikufika Kemondo, nikamwonyesha kwa kidole aliyelizuia. Kwetu hakuna asiyejua kwamba jina linaloanza na Koku ni la mwanamke, kwa hiyo hakuna mwanamume wa kugawana nawe. Huko nyuma bibi mmoja akapiga vigelegele, na wanawake wenzake wakamfuata. Kaka yako aliniinamia, akauliza kwa sauti ndogo, "Na mimi je?"

"Wewe kula nyama, Baba Mkubwa," nikamwambia.

Tangu siku hiyo hatembei kijijini. Padre amenijia kuniomba nimwonee huruma, kwamba ni mzee na ameaibika vya kutosha. Moyo wangu naujua, Shangazi. Siku moja utalainika, huenda siku atakapolala kitandani akiniita, na nitatamani kumpa japo nafasi ndogo kando yako. Ndiyo maana nimewahi. Sheria ya kazi yetu unaijua: jina likishachapishwa inavyotakiwa, haliwezi kubadilishwa eti kwa sababu aliyelitoa amejuta. Hata mimi siwezi tena.

Kwa hiyo nitamsamehe. Haitamsaidia kitu.

Pumzika, mwenye mmea wako.

Ni mimi,
binti wa mdogo wako