Kufuli ya Mlango wa Mama Kadzo

Mzee Karisa,

Nakuandikia nimesimama. Kukaa siwezi. Tangu tukuzike, nikitoka kubeba magunia bandarini Kipevu nafika chumbani kwangu hapa Bofu nazunguka tu, nahamisha kitu hiki, nakirudisha.

Siku ya matanga wapishi walikosa mahali pa kuweka masufuria, wakaitoa nje meza yako ya kutengenezea kufuli. Hakuna aliyekusudia ubaya. Lakini pini na springi ulizozipanga kwa urefu katika vikopo vyako, zote zilimwagwa ndani ya beseni moja. Na kufuli ya mlango wenu wenyewe, uliyoiacha imefunguliwa juu ya kitambaa, ikaingia humo humo. Meza ikavunjika kwa uzito wa sufuria.

Mkeo anafunga mlango kwa waya mpaka leo. Usingizi hana. Nilimwambia, "Mama Kadzo, tununue mpya." Akanijibu, "Hiyo ndiyo alokuwa akiitengeneza. Ukishindwa, sema umeshindwa." Akanipa beseni na jiriwa yako, ile ya kubania vyuma mezani.

Basi nimejenga meza, kwa mbao za paleti kuukuu za kupangia mizigo, nilizopewa kazini. Kwanza niliigongomea ukutani, jirani akapiga kelele kwamba vyombo vyake vinacheza ngoma. Nikaing'oa. Nikaisogeza dirishani, ikayumba. Ndipo nikakumbuka ulivyokuwa ukisimamisha pini moja juu ya meza, kisha unaigonga jiriwa kwa nyundo. Pini ikianguka unasema, "Hii bado mbao, haijawa meza." Yangu ilianguka. Nikaongeza ubao chini, nikaupakia mawe, nikatia kipande cha tairi chini ya mguu mfupi. Pini ikasimama. Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu, halafu nikalia.

Kupanga ndiko kunakonitesa. Pini fupi kushoto, ndefu kulia, springi mbali na upepo wa mlango. Unavijua vidole vyangu, ulikuwa ukinitania: "We mtu wa bara, hivi ni vya kung'oa mihogo!" Ulinikataza pia kufungua kufuli mbili pamoja. Mimi kwa haraka zangu nikafungua na ya mlango wangu, ati nipate mfano wa kutazamia. Zikachanganyika. Sasa na mimi nafunga kwa waya. Cheka, Mzee. Najua ungecheka mpaka ukohoe.

Ndani ya beseni nilikuta punje za wali wa matanga yako, zimekauka ngumu kama pini. Nimezitia katika kikopo cha peke yake. Sikuweza kuzitupa.

Jana ufunguo wa Mama Kadzo ulizunguka nusu, ukakwama. Nusu! Kuna pini moja ndani si mahali pake, na nitaitafuta hata ikibidi nianze tena kutoka beseni. Mlango wenu kwanza, wangu utangoja.

Kwaheri, Mzee wangu. Usihangaike kuamka kukagua. Mlango nitaufunga mimi.

Mwanafunzi wako,
Wafula