Joka Linalofuata Saa za Kazi

Kijiji cha Shibanping,
Sichuan.
Siku ya ishirini na tisa, mwezi wa kwanza.

Mpendwa mjukuu wangu Kaiwen,

Huna haya! Sikukuu tatu za mwaka mpya bakuli lako limekaa tupu mezani, kama vile huko kiwandani Dongguan wamekugandisha kwa gundi kwenye soli za viatu vyao. U mzima? Unakula wali au unakula moshi? Mimi ni mzima, ila mkono wa kushoto umevunjika. Mwandiko huu ni wa Mwalimu Fu. Matusi ni yangu.

Tangu wachimba gesi waanze kusukuma maji kupasua mwamba chini ya mashamba yetu, ardhi inatikisika na kutupiga. Mimi, kwa ujinga wangu, nilisema ni joka la ardhi linajigeuza, nikachoma ubani. Jirani yetu Guihua alinicheka: "Shangazi, joka gani hili linafuata saa za kazi? Wakizima pampu, nalo linalala!"

Wiki iliyopita asubuhi lilikuja pigo ambalo sijapata kuliona. Vigae vilimwagika, nguruwe wakapiga mayowe. Ukuta ulimwangukia Guihua akichambua pilipili. Tulimfukua kwa kucha, kumbe ameshakufa. Miaka hamsini na mmoja, nani angekuwa amemwandalia jeneza? Nikampa langu la akiba, lile alilonichongea babu yako.

Tukambeba mpaka lango la kisima cha gesi. Akatoka bwana mmoja wa kofia nyeupe: "Sisi tunahusikaje? Wazee wenu wenyewe wanasema ni joka."

Neno langu, Kaiwen! Kalitoa mdomoni mwangu akampiga nalo maiti. Nikamtandika kwa mti wa kubebea ndoo, kofia ikapasuka. "Mzee mwenyewe ni mimi! Zima pampu, tuone kama joka halitalala!" Walinzi wakatushukia na virungu. Mume wa Guihua akatema meno mawili. Mkono wangu ndipo ulipovunjika. Lakini lango tulilivunja, na jeneza tukalilaza juu ya bomba lao.

Leo siku ya sita pampu iko kimya, na ardhi haijatikisika hata mara moja. Wanasema Jumatatu wataiwasha. Watatukuta. Guihua hazikwi mpaka waondoke.

Msalimie mkeo Lanying, na shangazi yako Suzhen. Mtoto wenu mwambieni bado nina mkono mmoja wa kumbeba. Waliotutangulia wakukinge na mashine, na mabosi pia.

Ni mimi bibi yako, nikupendaye hata ukiniudhi,
Tao Xiuzhi

Ukija, usiniletee viatu. Njoo na mabega: ukate ule mti mrefu nyuma ya banda, unichongee jeneza jingine. Langu limeshapata mwenyewe.