Mama, Yale Majani Yalikuwa Gani?

Mama,

Ni miezi saba sasa tangu tukuzike, na mimi niko na mimba ya miezi mitano. Ningekuambia wewe wa kwanza, hata kabla ya baba ya mutoto.

Wiki ya pili hii ninawashwa huko chini, na uchafu mweupe unatoka mzitomzito kama maziwa yaliyoganda. Kwako sioni haya. Nusu ya bamama ba hapa kambi ya Nakivale ulibatibu hiyo shida. Balikuja macho chini, unabapa maji ya majani bajioshe. Sasa banakuja kwangu, eti mutoto wa nyoka ni nyoka. Mimi ni nyoka wa bure, Mama.

Kwa nini hukunitajia jina la yale majani? Miaka yote nilikubebea kikapu mpaka kwenye kichuguu, kule yanakoota, na wewe umefunga mdomo tangu mlangoni mpaka kurudi. Ulisema dawa ikitajwa wakati wa kuchuma, nguvu inatoka. Sawa. Lakini nyumbani, karibu na moto, nini kilikuzuia?

Nilienda peke yangu. Nikakuta mimea miwili, majani yanafanana, yote machungu. Nilinyamaza kama wewe. Mama Neema, jirani, alinisalimia sikumujibu, mpaka leo amenuna. Nilichemsha yote miwili, nikajiosha siku tatu. Yaliniunguza, nikalia. Dada mmoja wa upande wa Rwekubo anasema niweke kitunguu saumu ndani. Mwingine anasema siki. Mume wangu anasema twende hospitali ya Mbarara. Kila mutu na lake, na tumbo ni langu.

Mwisho nilienda kwa nesi wa hapa kambini. Hakunicheka. Alisema ni fangasi, mimba inaileta mara mingi. Akanipa vidonge vya kuingiza, akasema hivyo ndivyo vya mwenye mimba, nisiingize kitu kingine, si kitunguu, si siki, na majani niache. Akauliza ni majani gani nilitumia, aone kama yanaweza kuumiza mutoto. Nikanyamaza. Si kwa heshima ya dawa, Mama. Sikujua.

Vidonge viko mezani, siku ya nne. Nikivitumia, ninaona kama ninasema ulidanganya bamama. Nisipovitumia, mutoto je?

Asubuhi, nikisugua sufuria, nilikumbuka yule mama mwenye mimba kubwa uliyemurudisha bila kumupa majani. Nilikuona mchoyo siku ile. Ulisema, "Aende kwa daktari. Mimi tumbo la mutu silijaribu." Ulisema hivyo kweli? Ama ninajitungia ili moyo utulie? Sijui, Mama. Nimechanganyikiwa.

Leo ninaanza vidonge. Mutoto amecheza, nimemusikia vizuri.

Pumzika, Mama. Ninakuahidi kitu kimoja: bamama bakija tena, sitabachumia kitu. Nitabasindikiza kwa nesi mimi mwenyewe, na nitabaambia kweli. Mama alijua. Mimi sijui.

Mutoto wako,
Nabintu