Panya Walioukataa Uvimbe

Mjukuu wangu na mke mwenzangu Kokusima,

Hujambo huko maabara? Sisi hapa Izigo tu wazima. Kahawa imeanza kuiva, na mjomba wako amehamia Buhembe na mkewe.

Kwenye simu ulisikika mnyonge. Ulisema panya wote mliwachoma sindano yenye chembe zilezile za saratani ya ngozi. Kwa wengi uvimbe unakua, ila wachache wameukataa. Ukaniuliza, "Bibi, nimekosea wapi?"

Sidhani kama umekosea. Nilipokuwa msichana, mama alitoa machipukizi kwenye mgomba mmoja. Mengine aliyapanda nyuma ya jiko, tulipokuwa tukimwaga majivu na maganda, na jingine pembeni kabisa, kibanja chetu cha migomba kinapopakana na rweya, uwanda wa nyasi usiolimwa. Ya jikoni yalinenepa mpaka majirani wakaja kuyatazama. Mama hakuwa nao. Alikuwa amechuchumaa kule pembeni, anafukua udongo wa lile lililodumaa.

"Yale yaliyonenepa najua yanakula nini," aliniambia. "Hili nataka kujua udongo umelinyima nini."

Sisi tulitaka mgomba ustawi, wewe unataka uvimbe udumae. Lakini pa kuchimba ni palepale.

Lile doa jeusi la unyayoni lililomchukua babu yako lilikuwa saratani hiyohiyo. Basi hao panya wachache usiwatupe. Miili yao inajua kitu ambacho mguu wa mume wetu haukukijua. Chuchumaa hapo, mama.

Bibi yako wa Izigo